Ukuta Wangu Unaonekana Vizuri Sana

"Huyu ni mtu au ni feni?" mjumbe aliuliza, pua nusura iguse televisheni. Sebule imejaa. Majirani niliwaita mwenyewe, kwa majigambo, waje wamwone kwa macho yao, kwenye video ya kamera zangu za ulinzi, aliyebeba mtungi wangu wa gesi varandani. Soda nimenunua.

Picha ya kwanza: mtungi upo. Ya pili: kitu cha kijivu, mirabamiraba, kimeinama, au kinaruka. Ya tatu: mtungi haupo, na kitu hakipo. "Rudisha nyuma!" Nikarudisha. Mtungi ukarudi, ukaondoka tena. Kijana mmoja alicheka hadi soda ikamtoka puani. Shangazi, ambaye hana mzaha na mambo ya usiku, akatoa hukumu: "Mwanangu, hilo ni jini. Mwizi gani hana magoti?"

Lakini ukuta sasa! Tofali zinahesabika moja moja.

Nimeuchunguza ufundi wenyewe, na niseme kweli, unavutia. Mfumo wa kubana video uitwao H.264, uliopitishwa mwaka 2003, hautunzi kila picha nzima nzima. Unaweka moja kamili, halafu katika zinazofuata unaandika yaliyobadilika tu, kama shangazi anavyonisimulia tamthilia niliyoikosa: bado wamekaa palepale, bado, haya, sasa bwana kainuka. H.265 wa mwaka 2013 ni hodari zaidi. Ubora uleule unaweza kuubana ndani ya karibu nusu ya nafasi. Shida ni posho. Kila sekunde kamera imepangiwa biti zake, na mlaji mkubwa ni kinachotikisika. Majani ya mwembe yakipepea, yanakula. Chengachenga za giza nazo zinakula. Mwizi akifika anakuta makombo, ndiyo ile miraba. Yaani chombo nilichokinunua kwa ajili ya matukio kinaona vizuri kabisa pasipokuwa na tukio.

Fundi alikipangia kilobiti 512 kwa kila kamera na fremu 2 kwa sekunde. Anayekimbia mita 5 kwa sekunde anavuka mita 2 na nusu kati ya fremu na fremu, na varanda yangu haifiki hapo. "Bosi, hapo nimekuwekea mwezi mzima," alisema, wala hakudanganya. Kamera 4 kwa kiwango hicho hula gigabaiti 22 hivi kwa siku, na diski ya terabaiti 1 inapita mwezi bila wasiwasi. Mwezi mzima wa ukuta.

Nikapandisha: fremu 25, megabiti 4 kila kamera. Zikaliwa gigabaiti 170 na ushei kwa siku, na jirani aliyekuja kuuliza nani kamkwangulia gari wiki iliyotangulia akakuta pameshafutwa. Nikiwa Morogoro nikachungulia nyumbani kwa simu, bando likakata shangazi akiwa bado anafunga geti. Na usiku sura zilibaki ukungu, maana gizani kamera huacha kila fremu ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi, na anayetembea anajipaka pichani. Hapo dawa ni taa.

Kinachonikera hakichekeshi. Boksi limeandikwa megapikseli kwa herufi kubwa. Biti hazikutajwa popote. Muuzaji hakusema kwamba pikseli zikiongezeka na biti zikabaki zilezile, kila pikseli inapunjwa. Mtu unajinyima, unalipia kamera, diski, waya na ufundi, halafu nywila anabaki nayo fundi. Ili nibadilishe namba moja kwenye chombo changu, ndani ya nyumba yangu, nilimtumia nauli, na alipofika akaomba na ya kula.

Sasa nimeweka H.265, fremu 15, megabiti 3. Diski inahimili wiki moja na kidogo. Jana fundi kapiga simu: kuna mzigo mpya umeingia, megapikseli 8, bei ya kirafiki. Nikamuuliza kila kamera nitaipangia megabiti ngapi.

Akasema mtandao unasumbua, atanipigia.