Mchango wa Safari ya Mama

Mwishoni mwa mwaka 2019 nyumba yetu ya Kikwajuni, mjini Unguja, iligawika pande mbili, upande wa paa na upande wa Queen. Kiongozi wa upande wa paa alikuwa kaka yetu mkubwa. Alishapanda juu, akayahesabu mabati yote yaliyooza juu ya chumba cha mama, na bei za mabati, mbao na misumari akaziandika kwenye daftari. Upande wa Queen ulikuwa na mtu mmoja tu: mama, mwalimu mstaafu, mjane, mgonjwa wa magoti, ambaye zamu yake ya upatu ilikuwa imefika. Pesa zilikuwa hizo hizo. Zingetosha kuezeka au zingetosha kwenda London.

Mzozo huo uliletwa na simu ya mdogo wetu wa kike, anayeishi Rotherhithe, kusini mashariki ya London, karibu na mto Thames. Alisema Brian May na Roger Taylor wa bendi ya Queen, pamoja na mwimbaji Adam Lambert, watapiga katika ukumbi wa O2 kiangazi kinachokuja, na tiketi zinakwisha. Mama alikuwa anapeta mchele. Aliweka ungo chini, akasema: "Tununulie mimi na dada yako. Peke yangu siendi." Dada huyo ni mimi.

Hakuna aliyeuliza Queen ni nani, maana sote tumelelewa nao. Mapema miaka ya themanini marehemu mjomba, aliyekuwa baharia, alimletea mama kaseti ya Greatest Hits, albamu iliyotoka 1981 na ambayo hadi leo ndiyo iliyouzwa zaidi ya zote nchini Uingereza. Mama alikulia kwenye taarab. Masikio yake yalikuwa yamefundishwa kusubiri pale mwimbaji anapoipandisha sauti na wapigaji wakamwachia nafasi, na kwenye kaseti ile alikipata alichokizoea. Alipiga pasi nayo, alisahihisha madaftari ya wanafunzi nayo. Utepe ukichomoka, aliurudisha kwa penseli, taratibu, na hakuruhusu mtoto yeyote kumsaidia.

Halafu akajua kwamba mwenye sauti ile ni mzaliwa wa hapa hapa. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi ambaye baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Akiwa mdogo alipelekwa skuli India, na baada ya Mapinduzi ya 1964 wazee wake walihamia Uingereza. Kuanzia hapo mama alimhesabu miongoni mwa majirani waliohama. Alipofariki, Novemba 1991, mama alimlilia.

Si kila mtu mtaani alifurahia safari hiyo. Mwaka 2006 sherehe za kutimiza miaka sitini tangu azaliwe, zilizopangwa kufanyika hapa Unguja, zilifutwa baada ya jumuiya za dini kupinga, na maneno yale yalikuwa hayajasahaulika. Jirani mmoja alikuja barazani kumuuliza mama kama ni kweli anavuka bahari kwa ajili ya muziki wa mtu yule. Mama alimjibu: "Mimi nakwenda kusikiliza. Hesabu yake iko kwa Mola wake, na yangu iko kwa Mola wangu. Kunywa chai, mwanangu."

Kikao cha familia kikaitishwa, baba mdogo akakalia uenyekiti. Kaka alisoma daftari lake ukurasa kwa ukurasa, na kila alichosema kilikuwa cha kweli. Mama akaombwa ajitetee. "Mabati yatakuwepo dukani mwakani," alisema. "Brian May ana miaka sabini na mbili." Baba mdogo akaamua kwamba pesa za upatu ni za mwenye zamu. Kikao kikafungwa kwa fatiha, na kaka akaondoka bila kumaliza kahawa yake.

Tukavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, tukaweka alama za vidole, tukapata viza za miezi sita. Kisha ikaja korona. Maonyesho ya 2020 yakasogezwa hadi 2021, ya 2021 yakasogezwa hadi Juni 2022. Tiketi zilibaki halali, lakini viza zilikufa kabatini. Kila masika kaka alirudi na daftari lake, bei zimepanda, na kila masika mama alimwambia pesa ziko benki na zina kazi yake.

Masika ya 2022 paa lilijibu lenyewe. Usiku wa manane mvua ilipasua bati juu ya kabati la mama, maji yakaingia moja kwa moja kwenye sanduku lenye nyaraka za viza mpya: taarifa ya benki, barua ya pensheni, barua ya mwaliko kutoka kwa mdogo wetu, na chini kabisa, kaseti. Nyumba nzima iliamka. Masufuria, ndoo, mabeseni, vyote vilipangwa sakafuni. Tulitandaza karatasi kwenye kamba ya ukumbini, tukazibana kwa vibanio vya nguo, kisha tukazipiga pasi juu ya kanga. Wino wa mhuri wa benki ulikuwa umesambaa na kuwa doa la zambarau.

Kaka alipanda juu usiku ule ule, mvua ikimpiga, akafunga turubai na kulikandamiza kwa matofali. Asubuhi, akiwa hajalala, alikwenda mwenyewe kupanga foleni benki ili mama apatiwe taarifa nyingine yenye mhuri safi. Sikumsikia akisema "nilikwambia", wala siku ile wala baadaye. Kuanzia asubuhi ile upande wa Queen ulikuwa na watu wawili.

Maombi yetu yalichelewa, kwa kuwa miezi ile Uingereza ilikuwa imeyatanguliza ya Waukraine waliokimbia vita. Pasipoti zilifika mabegi yameshafungwa, na mama alishaanza kuaga mtaa kwa imani tu.

Tuliwahi London. Tarehe 4 Juni, kwenye tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya utawala wa Malkia Elizabeth, Queen ndio waliofungua jukwaa mbele ya kasri la Buckingham, na mama aliwatazama kwenye televisheni ya mdogo wetu akiwa amewakalisha wajukuu pembeni yake. Aliwaeleza kwamba gitaa lake Brian May hakulinunua. Alilitengeneza na baba yake nyumbani, kijana akiwa bado mwanafunzi, shingo yake ikachongwa kwa mbao ya meko kuukuu, kwa sababu pesa ya kununua gitaa zuri haikuwepo. Wajukuu wakaenda kugonga kila mbao iliyomo nyumbani.

Siku yetu ilikuwa Jumatatu, tarehe 6 Juni, na siku hiyo wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi waligoma. Kwa kawaida kutoka Rotherhithe hadi North Greenwich, ulipo ukumbi wa O2, ni mwendo mfupi sana kwa treni. Sasa mabasi yote yalipita yamejaa, na magoti ya mama yalikuwa hayawezi kusimama kituoni. Mdogo wetu alikaribia kulia. Mwishowe akakumbuka kwamba kuna boti za abiria zinazoshuka na mto na kutia nanga North Greenwich. Mama, aliyekuwa amevuka kwenda Dar maisha yake yote, alisema: "Boti? Si mngesema tangu asubuhi."

Gatini tulikuta foleni ya watu wenye fulana za Freddie, wazee kwa vijana. Walimpisha mama akakaa. Walipojua ametoka Zanzibar walimzunguka, wakauliza kuhusu mtaa aliozaliwa Freddie, na mama akawaelekeza kwa mikono, Shangani iko hapa, bahari iko kule. Boti nzima ilimsikiliza mwalimu.

Mlangoni palikuwa na kikwazo cha mwisho. O2 hawakuruhusu mkoba unaozidi ukubwa wa karatasi ya A4, wala chakula cha kutoka nje, na kikapu cha mama kilikuwa na chupa ya chai, tende na visheti. Nilichukua dawa zake za presha mfukoni, mdogo wetu akarudi nyumbani na kikapu. Mama aliingia mikono mitupu, buibui limenyooshwa, mbele ya jukwaa na maelfu ya watu.

Katikati ya onyesho Brian May alikaa peke yake mbele ya jukwaa na gitaa la kawaida, akapiga Love of My Life, na mwishoni sura ya Freddie ikatokea kwenye skrini nyuma yake, akiimba. Mama alisimama. Sikumwinua mimi. Alisimama mwenyewe kwa magoti yale yale, na hakukaa tena hadi mwisho. Juni jua la London huzama saa tatu usiku imepita, kwa hiyo magharibi aliijumuisha na isha tuliporudi, kwa ruhusa ya msafiri, na dua yake ilikuwa ndefu.

Tuliporudi Unguja kaka alipeleka daftari kwa ndugu wote. Kabla ya vuli mabati mapya yalikuwa juu, na hakuna aliyeitisha kikao. Ndipo nilipoona jambo linaloniuma hadi leo. Tunachangia paa bila swali. Tunachangia harusi, maziko na hitima, tena kwa haraka, hata kwa kukopa. Lakini mama alipotaka kitu kimoja kwa ajili ya furaha yake, alilazimika kujitetea mbele ya familia kwa pesa zake mwenyewe.

Furaha ya mzazi ina haki katika hesabu za nyumba, sawa na ada na umeme, na haki hiyo ina muda wake. Muulize mzazi wako wiki hii ni kitu gani alichotamani kukiona maisha yake yote. Akishakujibu, wapigie ndugu zako, na mchango uanze angali anaweza kusafiri.