Piano Bubu

Nani alikaa kikao akaamua kwamba piano ya funguo 88, uzito wa kumvunja mtu kiuno, itengenezwe bila spika? Namtafuta huyo mtu. Sitamgusa. Nitamkabidhi tu aibebe kutoka kituoni Bombom mpaka kanisani kwetu, jua la saa saba, halafu aiwashe mbele ya kwaya nzima. Taa zinawaka, kweli. Nyekundu, bluu, nzuri kabisa. Anabonyeza. Tok. Tok tok. Vidole vinagonga plastiki. Sauti hamna.

"Kaka, imekufa?" Huyo ni dada wa soprano, mstari wa mbele. Halafu kicheko. Halafu mwenyekiti wa kwaya anakohoa kile kikohozi cha mtu aliyechangisha hela.

Haijakufa, jirani. Ndivyo ilivyozaliwa, bubu. Wenye nazo wanaziita piano za jukwaani. Kwa akili zao jukwaa lina spika tayari, lina fundi wake, lina waya zake, sasa ya nini kumwongezea mpigaji mzigo? Hesabu nzuri hiyo, kwa mtu wa London. Jukwaa letu Kiwalani ni ngazi mbili za saruji na zulia lililobaki kwenye harusi ya watu.

Na mimi ningejuaje? Nimezoea kinanda chetu cha funguo 61, chepesi, spika zake mbili pembeni, unachomeka, unabonyeza mdundo, mambo yanaenda. Hii kubwa ilikuja na kontena kutoka Uingereza, imebanwa katikati ya magodoro na friji za mtumba. Kamati ilipoona funguo nyingi ikaona maendeleo. Sauti inatokea wapi, hakuna aliyeuliza. Nani ananunua jogoo akauliza kama anawika?

Basi nikafanya anachofanya kila mwanaume wa mtaani kwetu mwenye shida ya sauti. Nikaibeba piano mpaka nyumbani, kwenye sabufa.

Sabufa unaijua. Boksi moja zito chini ya meza ya tivii, vispika vidogo juu ya kabati, rimoti ilishapotea zamani. Mama watoto alikuwa katikati ya tamthilia ya Kituruki, ile yenye sauti za Kiswahili, na yule dada alikuwa ndio kwanza anataka kugundua kwamba mume ana mtoto nje. Nikachomoa. Yaliyofuata siyaelezi. Elewa tu kwamba usiku ule nilikula peke yangu, na nilijipashia mwenyewe.

Halafu waya hauingii! Nyuma ya piano kuna matundu manene, milimita 6.35, mafundi wanasema robo inchi. Waya wa sabufa una vichwa viwili vyembamba, chekundu na cheupe. Haviongei lugha moja. Nikapanda daladala mpaka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikabanwa, nikakanyagwa, nikafika. Kijana wa dukani akaniuliza, "Unataka mono au sterio, mzee wangu?" Nikamwambia yoyote, bora itoe sauti. Akaniuzia kwa bei anayouziwa mtu anayejibu hivyo.

Nikarudi. Nikachomeka. Nikapiga mkono wa kushoto. Mungu wangu! Ukuta ukatetemeka, vikombe kabatini vikaanza kuimba alto. Nikapiga mkono wa kulia. Kitu kikalia kwa mbali, chembamba, cha aibu aibu. Wimbo hausikiki. Kushoto noti zote zimekuwa noti moja inayonguruma.

Kumbe sabufa haipendi katikati. Piano ufunguo wake wa chini kabisa unatikisa hewa mara 27.5 kwa sekunde, wa juu kabisa mara 4,186, na sisi binadamu tunaimba humo katikati. Sasa lile boksi zito linajichagulia ya chini. Vile vispika vya kiganja vinaokota ya juu. Ya katikati kila mmoja anamsukumia mwenzake, mwisho haibebi mtu. Ukiweka singeli ya Manzese hugundui chochote, mwendo ule nani ana muda wa kutafuta katikati? Ukipiga pambio polepole, umeumbuka.

Jirani wa chumba cha pili akagonga mlango. Nikajiweka sawa kupokea sifa. Akaniomba nirudie ile ya besi, ana wageni.

Mtaa wa nyuma kuna mzee mmoja wa magitaa. Nikaenda na shikamoo yangu. "Marahaba, ilete hapa," akasema, hata sijamaliza kueleza. Mji huu umelelewa na magitaa, jirani. NUTA Jazz ya mwaka 1964, ambayo leo unaiita Msondo Ngoma, magitaa. DDC Mlimani Park ya 1978, magitaa. Kwa hiyo mzee ana amplifaya ya gitaa, imechakaa, imebandikwa gundi, anaipenda kuliko wajukuu. Tukachomeka. Piano ikatoka imefunikwa blanketi. Ule mng'ao wa juu hakuna kabisa. Amplifaya ya gitaa haina twita, kile kispika cha sauti za juu, imetengenezwa kwa makusudi ikate sauti kali za juu na iongeze utamu wake yenyewe, kwa sababu gitaa ndivyo linavyotaka. Piano utamu wake inao tayari. Yenyewe inataka spika isiyojitia maarifa, itoe kilichoingia, cha chini mpaka cha juu.

Mzee akafumba macho. "Sasa hiyo ndiyo sauti," akasema. Utambishia nani? Nikashukuru, nikaifunga piano yangu kwenye shuka, nikaondoka nayo kichwani. Watoto wa mtaani wakanisindikiza wakiuliza nani amefariki.

Ikabaki mikseri ya kanisa. Na mikseri ya kanisa maana yake fundi mitambo. Ni kijana mdogo, lakini ufunguo wa kabati la mikseri anauvaa shingoni, hata mchungaji akitaka maiki ya pili anabembeleza. Akaniangalia. Akaangalia piano. Akachukua waya, akauchomeka kwenye tundu la maiki kwa kuwa ndilo lililokuwa wazi.

KRRRRRR!

Wazee wa kanisa waliokuwa nje wakaingia kuangalia kama bati limeng'oka. Fundi akasema, "Braza, piano yako mbovu." Mbele ya watu! Akaniambia nishushe sauti ya piano. Nikashusha. Bado inakwaruza. Nikashusha tena mpaka karibu na sifuri, ikaacha kukwaruza, ikaanza kuvuma shiiiii, piano yenyewe iko huko nyuma ya shiiiii inapiga kwa siri. "Si unaona?" akasema. Nikatikisa kichwa. Sijaona chochote, lakini ukishaambiwa si unaona, unaona.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, kaka yake mama watoto, anachanganya sauti za kikundi cha taarabu huko Temeke. Sasa fikiria, kofia ya kiua, kanzu, anaingia kwenye mazoezi ya kwaya. Kamati ikatazamana. Lakini nani anakijua kinanda kuliko mtu wa taarabu? Zamani, enzi za Ikhwani Safaa ya Unguja iliyoanza mwaka 1905, taarabu ilikuja kuwa na kanuni, udi, fidla nyingi na akodioni. Taarabu ya kisasa, kazi ya kundi zima la fidla anabebeshwa mtu mmoja wa kinanda. Kinanda kikitoka vibaya, hakuna wa kutunzwa, hakuna hela. Watu wa taarabu wamejifunza kwa njaa.

Shemeji akazunguka nyuma ya piano, akainama. "Shemeji, umechomeka upande gani?"

"Kulia."

"Kwa nini kulia?"

"Mkono wa kulia ndio unaopiga wimbo."

Alikaa ameinama vile vile muda mrefu. Mabega yakawa yanamtikisika.

Kwani nani alinieleza? Nyuma kuna tundu limeandikwa R, na lingine limeandikwa L/MONO. Mimi hiyo L nilijua ni ya LUKU. Shemeji akanisomesha palepale, soprano wote wanasikiliza. Piano ya kweli waliirekodi kwa maiki zaidi ya moja, huku moja na kule nyingine, sauti inaifikia kila maiki kwa wakati wake. Ukitoa upande mmoja tu, unapata piano nusu mtu. Ukichukua waya za pande zote mbili ukazibana kwa nguvu ziingie spika moja, mawimbi yanakulana, noti nyingine zinabaki maganda. Kama una spika moja, chomeka hiyo L/MONO peke yake. Piano nyingi zikiona upande wa pili uko wazi zinajichanganya zenyewe huko ndani. Na ukikuta kwenye orodha ya milio kuna piano imeandikwa mono, chukua hiyo, usione haya. Wala usione watu wa Ulaya wanapanga spika mbili. Wanazo.

Kwenye mikseri akauhamisha waya kutoka tundu la maiki kwenda tundu la laini. Maiki inatoa umeme kidogo sana, vijisehemu vya elfu vya volti, kwa hiyo tundu lake limefundishwa kukuza kila kinachoingia. Piano inakuja na karibu volti nzima. Unaikuza tena ya nini? Ndio hiyo KRRRR. Akaweka sauti ya piano robo tatu, akapandisha nobu ya mikseri taratibu huku mimi napiga kwa nguvu zote, akaishia kabla taa nyekundu haijawaka. Hakuna mkwaruzo. Hakuna shiiiii. Fundi mitambo akasema hiyo ndiyo njia aliyotaka kutumia.

Ukabaki mngurumo. Mmmmmm, hauishi. Umeme wa ukutani unarudi na kwenda mara 50 kwa sekunde, na piano ilichomekwa soketi ya mbele, mikseri soketi ya mlangoni, mama wa barafu naye kachomeka friza yake kwenye ekstensheni yetu kwa hisani ya mchungaji. Ardhi ya huku na ardhi ya kule hazikubaliani, ugomvi wao unapita kwenye waya wa sauti. Shemeji akatoa mkobani kiboksi cha chuma, wanakiita DI, akakiweka katikati, waya ukarudi tundu la maiki maana kiboksi hicho kinaishusha piano mpaka kiwango cha maiki, akabonyeza kitufe cha kutenganisha ardhi. Mmmmm ikakata. Fundi wetu yeye alikuwa ameshashika koleo akitaka kung'oa pini ya tatu kwenye plagi. Shemeji akamnyang'anya. Ile pini inalinda roho ya mtu, hasa mtu anayepiga kinanda peku, na mimi viatu vyangu unavijua.

Spika tulikodi, ya inchi 12, ina twita ya honi, amplifaya iko tumboni humo humo. Mimi nilikuwa nimeipa nafasi nzuri, chini, kwenye kona, nyuma ya madumu ya maji. Kona inavimbisha besi, sakafu inavimbisha besi, na ukuta wa saruji na bati vinarudisha kila kitu kwa matope. Ikapandishwa kwenye stendi, honi ikaelekea masikioni mwa watu waliokaa, ikasogezwa mbali na kona, karibu yangu ili na mimi nijisikie, maana mpigaji asiyejisikia anatwanga. Nobu ya katikati ikapunguzwa kidogo pale palipokuwa panavuma. Basi.

Kelele iliyobaki ni ya ndege, na ndege haina nobu. Ikija kutua, unasimamisha mikono hewani, kwaya imebaki mdomo wazi, inapita juu ya bati letu na abiria wake, mnaendelea. Tangu Terminal 3 ya uwanja wa ndege ifunguliwe mwaka 2019 nimeshazoea kuziandikia pumziko.

Nikapiga. Jirani, ikasikika! Kila noti na mahali pake. Nikibonyeza taratibu, inanong'ona. Nikiacha mguu umekanyaga pedeli, sauti inakufa polepole mpaka unasikia mtoto anauza karanga barabarani. Nikamaliza, nikakunja mikono nisubiri.

Mwenyekiti akasogea. "Nzuri sana," akasema. "Sasa weka mdundo."

Mdundo upi?

"Ule wa kila siku. Ngoma na besi. Ile namba 42."

Piano ya jukwaani, jirani yangu, yangu mimi, haina namba 42. Haina ngoma, haina besi ya kujipiga yenyewe, haina kile kitufe nilichokuwa nabonyeza mambo yakaenda. Wanadhani mpigaji ana mikono miwili na bendi. Nikawaambia. Kimya. Dada wa soprano akauliza kwa upole kama kile kinanda cha kwanza hakijauzwa.

Hakijauzwa. Kinanda cha funguo 61 kimerudi, kimewekwa juu ya piano, kina tundu lake kwenye mikseri. Shemeji mwenyewe ndiye aliyekipandisha sauti. Piano akaishusha, eti isimeze ngoma. Jumapili tumealikwa Yombo, vyote viwili vinakwenda, na spika, na stendi. Bajaji anataka hela ya abiria watatu. Mweka hazina anasema nitoe mimi kwanza.