Kwa Heshima ya Tone la Oili

Tone la oili lililoanguka usiku chini ya Volkswagen ya mgongo wa kobe halina wakili. Mwenye nyumba hulilaani kwa kumchafulia sakafu, fundi hulifuta kwa tambara kabla mteja hajaliona, na jirani hulitaja kila anapotaka mtaa ukumbuke kwamba yeye ana gari jipya. Hii ni dhuluma. Tone hili lina haya, ndiyo maana huanguka gizani. Lina nidhamu, kwani halibadilishi mahali pake. Hukinga vyuma vya chini visiliwe na kutu, kazi ambayo wengine huilipia fedha taslimu, na humfundisha mwenye gari kupiga magoti kila asubuhi, jambo ambalo wahubiri wengi wamelihangaikia bila kufaulu. Lakini hizo ni fadhila ndogo ndogo. Fadhila yake kuu ni ukarimu, na kwa kuwa ukarimu huo haujawahi kuhesabiwa hadharani, inafaa uhesabiwe leo, mlango kwa mlango.

Tuchukue injini ya miaka ya 1960: silinda nne zilizolala, mbili huku na mbili huku, isiyojua maji wala rejeta. Ndani yake mna lita 2.5 za oili, na hiyo ndiyo hazina yote. Kila silinda ina vali mbili, kila vali ina kijiti chake cha kuisukuma, na kila kijiti hupita ndani ya bomba jembamba lililo nje ya bloku. Mabomba ni manane, kila moja lina mpira kichwani na mpira miguuni, kwa hiyo tayari tuna milango 16 ya kutolea sadaka. Mifuniko ya vali ina gasketi mbili. Kibao cha chini kinachoshikilia chujio kina gasketi mbili, nati sita zenye washa za shaba, na bolti ya kumwagia oili katikati. Kipoza oili kimekalia mipira miwili, pampu ina gasketi mbili, swichi ya taa ya oili ina tundu lake, na flaiwili ina oilsili yake kubwa. Jumla ni milango 33. Hapo hatujaitaja distributa, wala pampu ya petroli, wala puli inayovuta mkanda wa feni, ambayo haikupewa mpira wowote: kiwanda kiliichonga mtaro wa mzunguko shingoni ili ikizunguka iirudishe oili ndani, kisha kikatumaini kwamba oili itatii. Ni tajiri gani mwenye lita mbili na nusu tu aliyewahi kufungua milango 33?

Waboreshaji walipoiona idadi hiyo walisikitika kwamba ni ndogo. Tuwatendee haki, maana kazi yao ina mantiki yake. Chujio la kiwanda ni wavu wa waya, basi. Wavu huo hukamata kipande cha gasketi au washa iliyopotea njia, lakini unga wa chuma na vumbi laini hupita bila kuulizwa. Kwa hiyo mboreshaji huziba njia ambayo pampu iliitumia kupeleka oili ndani ya bloku. Huitoa oili nje kupitia mfuniko wa pampu, huipitisha kwenye filta ya karatasi, kisha kwenye kipoza cha pili kilichofungwa popote palipopatikana nafasi, halafu huirudisha kwenye mfereji mkuu kupitia tundu alilolitoboa kwa drili na kulichonga nyuzi. Safari hiyo ina paipu tatu. Kila paipu ina ncha mbili, na kila ncha hukaa kwenye kiunganishi ambacho nacho kina nyuzi zake: maungio 12, na la 13 ni mpira wa filta yenyewe. Milango sasa ni 46, na ukarimu wenyewe umepanda cheo. Mabomba manane ya kiwanda hurudisha oili iliyokwisha kazi, inayoteremka yenyewe bila kusukumwa, ndiyo maana hudondosha tone moja moja kama mzee anayehesabu tasbihi. Paipu mpya zimebeba nguvu yote ya pampu. Klipu moja ikilegea gari likiwa mwendoni, oili yote itakuwa imegawiwa lami kabla dakika haijaisha, na taa nyekundu itawaka kutoa hotuba ya shukrani.

Mtu atasema huu ni utani wa kumwonea fundi, kwa kuwa filta ina faida. Ina faida, na hilo halibishaniwi hapa. Kiwanda chenyewe kilikubali: magari ya mwisho ya aina hii, yaliyotengenezwa Mexico, yalipewa filta ya kukaza kwa mkono katika miaka ya 1990. Kilikubali vilevile kwamba kipoza oili cha zamani kilikaa mahali pabaya. Kilisimama katikati ya njia ya upepo wa feni, kikawa kinaipora silinda namba tatu ubaridi wake, na namba tatu ikawa maarufu kwa kuungua. Kuanzia modeli za 1971 kipoza kilisogezwa kando, kikajengewa kibanda chake chenye njia yake ya upepo. Lakini angalia namna kilivyosogezwa. Hakuna paipu iliyoongezwa. Aliyebuni badiliko hilo alijua injini inaumwa wapi kabla hajaagiza dawa, na kabla ya badiliko hilo kiwanda kilikuwa na dawa nyingine isiyo na fahari: kila kilomita 5,000 mwaga oili ingali ya moto, fungua kibao, osha wavu, jaza upya.

Joto la oili ndilo lililowaingiza wengi katika biashara ya paipu, basi tuliulize linatoka wapi. Injini hii hupozwa na feni inayopuliza upepo ndani ya koti la bati. Upepo hupita kwenye mapezi ya silinda na kwenye kipoza oili, kisha mabati ya chini huutoa nje ukiwa umekwisha kubeba joto. Kuizunguka injini kuna utepe wa mpira unaoziba mwanya kati yake na bodi, ili hewa ya juu iliyo safi isichanganyike na ya chini iliyoungua. Ukiutoa utepe huo, feni inavuta tena pumzi iliyokwisha kuitoa. Sasa ishushe injini kwenye gereji yoyote halafu uhesabu mabati yanayorudi. Ya chini hayarudi, eti ni urembo. Utepe haurudi kwa sababu ulikuwa umekauka. Thermostati ya vibao vya upepo hairudi, eti kwa joto la kwetu haina kazi. Skrubu zilizobaki zinawekwa kwenye kopo, na kopo linabaki gereji. Baada ya mwezi gari linarudi likinuka oili iliyochemka, na yuleyule aliyeyatupa mabati anakunja uso kama daktari bingwa, anasema injini hizi kwa kweli zinahitaji kipoza cha nje.

Hapa heshima inanishinda. Mtu anayeng'oa bati lililokuja bure na gari, kisha akauza kipoza cha bei kwa ajili ya joto alilolifungulia mlango yeye mwenyewe, tusimwite fundi. Ni dalali wa joto. Na anayemlipa naye hana pa kujificha. Mwenye gari atatoa fedha bila kulalamika kwa paipu iliyosukwa kwa waya inayong'aa, kwa sababu itaonekana akifungua mfuniko wa injini mbele ya wenzake. Muulize fedha ya utepe wa mpira na nusu saa ya kuosha wavu, ataanza kulalamikia hali ya uchumi. Wavu uliooshwa hauonekani na mtu, na hakuna anayealikwa kuja kuutazama. Ndiyo desturi ileile ya ofisi inayopata fungu la kununua pampu mpya ya kisima ikakosa fungu la grisi: pampu ina siku ya kuzinduliwa, grisi haina.

Watetezi wa paipu wana hoja moja nzito zaidi, nayo ni hali ya hewa: gari lilibuniwa kwenye baridi ya Ujerumani, haliwezi kustahimili jua letu bila msaada. Hoja hii ingesimama kama gari lingeishia Ujerumani. Brazil na Mexico zililitengeneza kwa miongo kadhaa, Mexico hadi Julai 2003, na Lagos ilianza kuliunganisha mwaka 1975. Hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo panaposifiwa kwa theluji. Hapa kwetu Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, ingawa magari ya mashindano huandaliwa kwa namna yake, kwa hiyo tusiyabebeshe ushahidi mzito kuliko nguvu zake. Dawa ya paipu ilikuzwa California, ambako mwaka 1964 Bruce Meyers alitoa kigari chake cha mchangani chenye bodi ya faiba juu ya mitambo ya Volkswagen, na ambako injini zilipanuliwa mpaka kupita sentimita za ujazo 2,000 ili zikimbizwe jangwani siku nzima. Mgonjwa wa namna hiyo anastahili kipoza cha pili, filta, na kila alichoandikiwa. Injini ya 1300 iliyokaa kwenye foleni ya Thika Road ikisubiri lori lipite inaumwa kitu kingine.

Huko California ndiko ilikotoka pia sampu ya kuongezea, kikopo kinachofungwa chini ya injini kubeba lita moja na nusu zaidi. Oili nyingi huchelewa kupata joto, hilo ni kweli. Kikopo chenyewe huning'inia mahali pa chini kabisa, na barabara zetu zina matuta. Halafu kuna imani ya oili nzito na pampu kubwa. Injini ina vali ya kupunguza nguvu ambayo, oili ikiwa nzito kupita kiasi, huipeleka moja kwa moja kwenye beringi bila kuipitisha kwenye kipoza. Anayemimina oili nzito kama asali ili kupunguza joto anakiachisha kipoza kazi. Akiongeza na pampu kubwa, asubuhi moja kipoza kitapasuka, na milango 46 itakuwa 47.

Na tone likiendelea baada ya yote hayo, huletwa silikoni. Hupakwa kama siagi kwenye mkate, nusu hutoka nje kwa madaha, na nusu hujikunja ndani, ikakatika, ikaenda kuziba ule wavu. Kisha huja spana ndefu. Nati sita za kibao cha chini zinatakiwa kukazwa kwa nguvu ya Nm 7 hivi, karibu na nguvu ya mkono unaofunga mtungi wa achari. Zimeshikwa na studi zilizozama kwenye aloi ya magnesi, laini kuliko hasira ya fundi. Akikaza kwa bega, kibao kinajipinda na studi inang'oka na nyuzi zake, na hapo tone linapata mlango ambao hata kiwanda hakikuufikiria.

Kwa hiyo likionekana kesho asubuhi, usikimbilie katalogi. Uliza kwanza mabati yako yako wapi. Kisha fungua kibao, osha wavu, weka gasketi mbili mpya na washa sita mpya, kaza kwa spana fupi. Litadondoka tena, lakini kidogo.