Povu kwa Povu: Mwongozo wa Mchora Katuni Anayeshambuliwa Mtandaoni

Hongera, ndugu yangu. Ukiona mtu usiyemjua ametumia bando lake mwenyewe kukuandikia kwamba shujaa wako siku hizi hana mvuto hata wa tangazo la sabuni, ujue umefika. Kitabu kisichosomwa hakitukanwi. Wenzako wanachora miaka nenda rudi na hawajawahi kupata hata tusi moja la maana.

Lakini tusi ni tusi, na msanii ana moyo mwepesi. Najua unataka kujibu, na mimi sitakuzuia. Wanaokwambia "achana nao, kausha tu" hawajawahi kukaa wiki mbili wakichora mvua, tone kwa tone, halafu mtu akawauliza kama printa ilikuwa na tatizo. Kazi yangu ni ndogo: ukiamua kujiaibisha, ujiaibishe kwa mpangilio. Fuata hatua hizi.

1. Soma maoni yote, na usome usiku

Muda mzuri ni saa nane usiku, umelala chali, mwanga wa simu usoni. Wasomaji mia mbili wamekusifu. Wapite haraka, hao hawajui kitu. Mtafute yule mmoja. Utamkuta ameweka picha ya ukurasa wako wa 14, amezungushia duara jekundu mkono wa shujaa, na chini yake ameandika maneno mawili tu: "Hesabuni vidole."

Hesabu. Viko sita. Hesabu tena ukianzia kidole gumba. Bado sita. Angalia waliocheka: miongoni mwao yumo binamu yako. Usingizi umeshakwisha, kwa hiyo twende mbele.

2. Usikubali kosa. Lipe historia

Kukubali kosa ni kwa wanaoanza. Jifunze kwa wakubwa. Mwaka 1964, Stan Lee wa kampuni ya katuni ya Marvel aliandika toleo la Fantastic Four, na humo Bruce Banner, yule mwanasayansi anayegeuka kuwa Hulk, akajikuta anaitwa Bob Banner. Lee alikuwa anaandika hadithi nyingi kila mwezi, majina yakamchanganya. Wasomaji wakamjia juu kwa barua. Hakubabaika. Aliwajibu kwamba jina kamili la bwana huyo ni Robert Bruce Banner, na mambo yakaisha. Hadi leo ndilo jina lake rasmi.

Hulk mwenyewe alianza akiwa wa kijivu, mwaka 1962. Kijivu kikawashinda wachapaji, kikawa kinabadilika ukurasa hadi ukurasa, na toleo la pili jamaa akatoka wa kijani. Leo ukimpaka kijivu watakuona wewe ndiye uliyekosea.

Kwa hiyo andika kwa utulivu kabisa: "Kidole cha sita kina maana yake. Subirini toleo la saba." Huna toleo la saba. Hata la nne hujalianza. Hiyo ni shida ya mwezi ujao.

3. Jibu kabla hasira haijapoa

Hasira ikipoa utaandika kwa busara, na busara haisambai. Anza na swali ambalo kila msanii aliyekwazwa ameliuliza: "Wewe umechora nini?" Fuatisha wasifu wako: ulianza kuchora darasa la tatu, mwalimu aliibandika picha yako ukutani, mjomba wako alikuagizia kalamu kutoka nje. Penye uchungu tumia herufi kubwa.

Atakujibu kwamba haihitaji mtu kuwa mpishi ndipo ajue chumvi imezidi. Hapo utaishiwa. Usiogope, mwambie anatafuta kiki. Neno hilo halina jibu, ndiyo maana wote walioishiwa hoja hukimbilia hapo. Kisha pima matokeo: yeye ameandika maneno kumi, wewe mia nne. Watazamaji nao wanahesabu.

4. Jitetee kwa jina lingine

Fungua akaunti mpya. Iite Mdau wa Sanaa, weka picha ya ua au ya mwanasoka. Andika kama mtu baki: "Mimi simjui huyu jamaa, ila mistari yake ni ya kimataifa." Mdau asijue mengi mno. Akianza kueleza kwamba ukurasa wa tisa uliuchora ukiwa na malaria na umeme umekatika, watu wataanza kuuliza alikuwa amekaa wapi.

Angalizo kubwa: kabla hujabonyeza, hakikisha umetoka kwenye akaunti yako halisi. Wapo waliojiandikia "Kaka umetisha, tunakuelewa sana" kwa majina yao wenyewe, na walipokumbuka kufuta, skrinishoti ilikuwa imeshavuka Chalinze.

5. Tuma jeshi bila kulituma

Piga skrinishoti ya maneno yake, jina likionekana vizuri. Iweke kwenye ukurasa wako na uandike: "Sina la kusema. Mungu anawaona." Usiseme mshambulieni. Chawa wako wanaijua kazi. Ndani ya saa moja kijana mwenye wafuasi arobaini atakuwa ametukanwa yeye, ukoo wake na aina ya simu yake. Hapo jitokeze kama mzee wa baraza: "Jamani, tusitukanane, sisi sote ni familia."

Mbinu hii ina kasoro moja. Kesho yake kijana yule ana wafuasi elfu nne, na wote wanasubiri aoneshe kosa lingine. Na yapo.

6. Wape kura, mgawane lawama

Hii ni ya wenye mtaji. Mwaka 1988 kampuni ya DC ya Marekani ilikuwa na tatizo la Robin wa pili, msaidizi wa Batman, kijana aitwaye Jason Todd, ambaye wasomaji wengi hawakumpenda. Mhariri Dennis O'Neil akaja na wazo: Joker, adui wa Batman, amlipue kijana kwa bomu, kisha wasomaji wapige simu kuamua afe au apone. Namba zikawa mbili, na kila simu ililipiwa senti 50. Kura za kifo zikafika 5,343, za kupona 5,271. Robin akafa kwa tofauti ya kura 72.

Utadhani ofisi ilipumzika, maana wasomaji wenyewe ndio wameamua. Thubutu! Waliotaka apone walikasirika, na watu ambao hata Batman hawamsomi wakakasirika kusikia kwamba mtoto ameuawa kwa kura ya simu. Kura haikuondolei lawama, inakuongezea walalamikaji. Tofauti ni kwamba hawa wapya wameshalipa. Kama kodi ya chumba inakaribia, litafakari hilo.

Marehemu naye usimhurumie sana. Mwaka 2005 alirudi.

7. Rudisha stempu

Zamani hasira ilikuwa na gharama. Msomaji wa gazeti la Taifa Leo aliyechukizwa na katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau, au msomaji wa gazeti la Uhuru aliyehisi kwamba Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory, amemsema yeye, alihitaji karatasi, bahasha, stempu na safari ya kwenda posta. Hasira nyingi ziliishia kwenye foleni. Iliyofika kwa mhariri ilikuwa imepoa kiasi cha kuanza na salamu.

Nawe weka utaratibu. Tangaza kwamba malalamiko yote yaandikwe kwa mkono, nakala mbili, yaambatane na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, yatumwe kwa S.L.P. utakayoitaja baadaye. Atakayefuata masharti yote hayo si adui. Huyo ni mtumishi wa umma mstaafu, na anastahili jibu refu.

8. Omba radhi bila kuomba

Mambo yakizidi unga, tumia sentensi hii kama ilivyo: "Naomba radhi kwa yeyote aliyekwazika." Uone ufundi wake. Kosa halimo, mkosaji hayumo, na mwenye shida ni aliyekwazika.

Wakiikataa, akaunti yako ilidukuliwa. Wakiuliza mdukuzi alijuaje siri za toleo la saba, basi ni admini. Kila msanii maarufu ana admini. Huna? Mdogo wako yupo hapo nyumbani anakula bure. Mteue leo, mfukuze kesho, na barua ya kumfukuza uiposti.

Wakikataa na hilo, aga. Weka picha nyeusi na maneno "Nimechoka. Kwaherini." Zima simu. Utarudi Alhamisi, kwa sababu Alhamisi kitabu kipya kinaanza kuuzwa na hakuna mwingine wa kukitangaza. Ukirudi usieleze kitu. Sema tu kwamba mashabiki wamekuomba.

9. Jua pa kuacha mzaha

Hapa utani ukae pembeni kidogo. Mwishoni mwa 2012 Marvel ilimuua Peter Parker katika toleo la 700 la The Amazing Spider-Man, na mtunzi wake, Dan Slott, akaletewa vitisho vya kuuawa. Mtu wa damu na nyama anatishiwa maisha kwa ajili ya mtu wa wino, ambaye naye alirudi mwaka 2014.

Anayekutishia hivyo usimweke kwenye hesabu ya mashabiki. Usimjibu, usimfanyie kejeli, usifute alichoandika. Piga skrinishoti inayoonesha tarehe na jina la akaunti, mpe mtu unayemwamini nakala, nenda polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018. Usione aibu kuonekana umeogopa kwa sababu ya katuni.

Sasa turudi kwenye ujinga wa kawaida.

10. Mpe bahasha tupu

Hatua hii nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa inafanya kazi, na mwongozo wa kushindwa hauwezi kuanza na kinachofanya kazi.

Miaka ya 1960 wasomaji wa Marvel walikuwa hodari wa kuwinda makosa: kitufe kilichohama, koti lililobadilika rangi, mtu aliyetoka mlangoni kabla hajaingia. Stan Lee angeweza kugombana nao bila mwisho. Badala yake akawaanzishia tuzo, akaiita No-Prize. Ukiona kosa unaweza kuipata, na baadaye ikawa bora zaidi ukiliona kosa kisha ukaeleza kwa nini si kosa. Yaani walalamikaji wakageuzwa mawakili wa utetezi, bila mshahara. Mshindi alitumiwa bahasha kwa posta. Nje iliandikwa pongezi. Ndani hapakuwa na kitu. Wapo walioandika tena kuuliza zawadi imeangukia wapi. Wengine waliitunza bahasha yao kwa fahari.

Mzee yule alikuwa ameshaelewa. Anayekukosoa hadharani anataka kilekile unachokitafuta wewe saa nane usiku: sifa. Wewe unataka usifiwe unajua kuchora, yeye anataka asifiwe ana jicho. Mkizigombania mnaonekana wajinga wote wawili. Ukimpa yeye zake, haikugharimu kitu, na kesho anakulinda dhidi ya wenzake kwa ukali kuliko chawa wako wote.

Kwa hiyo mwandikie yule wa vidole sita: "Wewe ndiye wa kwanza kuona. Jina lako nitalitia kwenye toleo lijalo." Kisha timiza. Libandike kwenye kibao cha kinyozi, au kwenye ubavu wa daladala. Kama bado una kinyongo, mpe jina hilo maiti wa ukurasa wa pili. Atafurahi vilevile, na atawaonesha shangazi zake.

Kilichobaki ni kurudi mezani. Toa toleo lijalo siku uliyotangaza, maana kuchelewa ni kosa pekee ambalo hakuna shabiki atakayekutetea. Yule aliyekutukana atakuwa wa kwanza kulinunua na wa kwanza kulilalamikia. Usimpunguzie bei.