Jerikeni ya Pili

Kifuniko kilipiga dari saa tisa za usiku. Kabla sijapata kandambili zangu, mama mkwe alikuwa ameshafika uani, kitenge begani, anaita watoto wamfuate. Simlaumu. Yeye ni mtu wa Bukavu, ng'ambo ya daraja. Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotikisika kwao na huku kwetu Rusizi, alijifunza kwamba kishindo huulizwa ukiwa nje.

"Ni tetemeko, mkwe wangu?"

"Hapana, mama. Ni tangawizi."

Mtoto wetu wa mwisho alikuwa anakaribia komunio ya kwanza. Mimi, mtunza hesabu kwa kazi na kwa tabia, nilitazama bei ya kreti za soda hapa Kamembe nikasema kinywaji nitatengeneza mwenyewe. Tangawizi ya kutwanga, ndimu, sukari, kijiko cha hamira, maji yaliyochemshwa yakapozwa. Nikajaza jerikeni ya lita 20, nikaacha nafasi kidogo juu. Kesho yake ikaanza kunifyonya pembeni mwa kifuniko. Mwenye akili angeiacha ifyonye. Mimi niliona mali inanitoroka, nikakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakiweka chini ya kifuniko, nikakaza kwa koleo.

Binti yetu mkubwa, aliyekuwa likizo kutoka bweni na mtihani wa kemia ukimngoja, alisimama mlangoni akanitazama.

"Baba, hewa umeihesabu?"

Nikamjibu kuwa nahesabu fedha, hewa ni bure.

Asubuhi mke wangu alikuwa juu ya kiti anasugua dari. Hakuwa amesema neno tangu saa tisa, na ukimya wake huwa na gharama kuliko kreti yoyote ya soda. Binti akachukua risiti ya dukani, akaanza kuandika nyuma yake. Hamira, alisema, hula sukari ikaacha pombe kidogo na hewa ukaa. Gramu 342 za sukari ya chai ni moli moja, na moli hiyo ikiliwa yote hutoa moli 4 za hewa ukaa. Moli nikaielewa upesi, maana ni mambo ya ghalani: dazani ni 12, korija ni 20, moli ni 602 ikifuatwa na sifuri 21. Ni hesabu ya vipande, basi, ila vipande vyenyewe havionekani.

Kilo moja, yaani gramu 1,000, ukigawa kwa 342 unapata moli 2.9 hivi. Mara 4, moli 11.7. Hapo nikakumbuka shule.

"Moli moja ya gesi ni lita 22.4!"

"Hiyo ni kwenye nyuzi sifuri, usawa wa bahari. Baba, Kamembe umeiona wapi bahari yenye baridi ya barafu?"

Ziwa Kivu lenyewe liko kama mita 1,460 juu ya bahari, na mji uko juu zaidi ya ziwa. Huku hewa hailemei sana, kwa hiyo gesi hujinafasi. Kwa joto letu, moli moja hutaka kama lita 29. Nikauliza kama hewa ukaa haina lita zake peke yake. Akasema Mtaliano mmoja, Amedeo Avogadro, alishalijibu swali langu mwaka 1811: gesi yoyote ile, joto na mgandamizo vikiwa sawa, idadi sawa hukaa katika nafasi sawa. Moli 11.7 mara 29: karibu lita 340, ndani ya chombo cha 20 kilichokwisha jaa maji.

"Na haikungoja zote," alisema. "Sehemu ya kumi ingetosha."

Jirani, fundi wa kiwanda cha saruji kule Bugarama, alikuwa amefuata harufu hadi jikoni kwetu. Akasema kazini kwao jiwe la chokaa safi la kilo 100 likichomwa, kilo 44 hupaa kama hewa hiyohiyo. Mama mkwe akauliza habari za ziwa, maana hakuna mtu wa Kivu asiyesikia habari za gesi yake. Binti akamwambia chini kule imeyeyuka hewa ukaa inayokaribia kilomita za ujazo 300, na methani kama 60, na kifuniko chake ni uzito wa maji yaliyo juu.

"Mungu amweke mkwe wangu mbali nacho," akasema mama mkwe.

Binti alikuwa amegeuza risiti upande wa mbele.

"Baba. Hapa pameandikwa kilo mbili."

Mke wangu alishuka kwenye kiti. Jerikeni ya pili ilikuwa chini ya kitanda cha mama yake, kwa kuwa chumba kile hupata jua na hamira hupenda joto. Nayo nilikuwa nimeitilia mpira.

Wote wakatoka. Nikalala kifudifudi, taulo lililolowa juu ya kifuniko, nikikizungusha kidogo kidogo huku povu likinitiririkia hadi kwenye kiwiko. Ilinifyonya kwa muda mrefu sana.

"Kichwa pembeni, baba!" binti aliita dirishani.

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama mkwe, kutoka chini ya mparachichi.

"Ikimaliza, mkwe wangu, nimiminie glasi."

"Mama, komunio ni Jumapili."

"Nimeilalia siku mbili," akasema. "Glasi kubwa."