Namna ya Kumnyima Dalali Usingizi kwa Ramani Kuukuu

Ukitaka kiwanja Bwera au Mpondwe, magharibi mwa Uganda, kabla hujapanda bodaboda kwenda kukiona, tafuta ramani ya miaka ya 1950 ya kipimo cha 1:50,000. Ramani hizo zilichorwa kutokana na picha za ndege na idara ya upimaji wa makoloni ya Uingereza, iliyoanzishwa 1946. Dalali atakuja na maneno matamu. Wewe nenda na mto mkononi.

Kwanza jua umri wa karatasi, maana pembe yenye tarehe ndiyo hupendwa na mende. Mbuga ikiitwa Kazinga, umeshika kitu cha kati ya 1952 na 1954, kabla haijapewa jina la Malkia Elizabeth. Reli ikiwa imefika Kasese, ni 1956 au baadaye. Ukikuta Ziwa Edward likiitwa Idi Amin Dada, hiyo ni ya miaka ya 1970. Itunze, lakini endelea kutafuta.

Sasa utafute mto wa huko, Lhubiriha. Usipouona, jaribu Lubilia, jina lililomo katika mapatano ya mpaka ya Waingereza na Wabelgiji ya 1910. Chukua kioo cha kukuzia, ufuate mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Kila unapovuka mto, mstari hukunjika kama kiwiko, na ncha yake huelekea maji yanakotoka. Upande wa milima ya Rwenzori mistari imebanana. Ukishuka kuelekea Ziwa Edward inaachana, na inapoachana ndipo maji hutanuka mvua ikizidi mlimani. Wakazi wa kando ya mto Nyamwamba waliliona hilo Mei 2013, wakaliona tena Mei 2020.

Kisha nakili mkondo wa zamani kwenye karatasi inayopitisha nuru, uilaze juu ya picha ya setilaiti ya leo ya kipimo hichohicho, sentimita 2 kwa kila kilomita. Zilinganishe kwa vilima, si kwa nyumba. Kona za mto zisipopatana, ardhi iliyo katikati yake huenda imewahi kuwa mto.

Ukifika kiwanjani, muulize dalali kwa adabu maji yalipita hapo mwaka gani. Akijibu haraka mno, msalimie mama anayelima jirani, umuulize yeye. Akikuonyesha mawe laini ya mviringo aliyoyachimbua kwenye mihogo yake, rudisha pesa mfukoni.