Mengineyo

Kila umoja wa mtaa hapa Dar es Salaam una katiba, una muhuri, na una mtu mmoja anayeupenda muhuri kuliko katiba. Kwetu Kimara mtu huyo ni mwenyekiti. Anatembea nao mfukoni, na aliwahi kuugonga kwenye kadi ya mwaliko wa kipaimara cha mtoto wa jirani ili, kwa maneno yake, kadi iwe na uzito. Mimi ni katibu. Ukatibu niliupata nikiwa nje ya uzio naongea na simu; niliporudi nikakuta watu wananipigia makofi, nikadhani wamefurahi kuniona. “Jirani, una mwandiko mzuri sana,” akasema mwenyekiti, ambaye mwandiko wangu alikuwa hajawahi kuuona.

Usituchanganye na serikali. Serikali ya mtaa ina ofisi, ina bendera, na ina mwenyekiti wake wa kupigiwa kura; mara ya mwisho tulipanga foleni Novemba 2024. Halafu yuko mjumbe wa shina, ambaye wazee bado wanamwita balozi wa nyumba kumi, kwa mfumo ule wa TANU wa miaka ya 1960: nyumba kumi, na mtu mmoja wa kujua nani kalaza mgeni. Wakenya nao mwaka 2013 waliuchukua mtindo huo na jina lake lile lile, Nyumba Kumi, nami nawaombea heri. Umoja wetu uko chini ya hao wote. Sisi ni wa kufa na kuzikana, pamoja na usafi, ulinzi, taa za njiani na jambo lolote ambalo mkubwa fulani amesema, “Hilo malizaneni wenyewe hukohuko.”

Barua ya kikao husema saa tisa alasiri. Ikifika saa tisa, mwenyekiti humtuma mjukuu wake akaangalie kama watu wamefika. Watu nao huwatuma watoto wao wakaangalie kama mwenyekiti amefika. Watoto wanakutana chini ya mwembe, hawamwoni mtu mzima hata mmoja, wanaanza mpira. Saa kumi na nusu mzazi mmoja anatoka na kandambili mkononi kumtafuta mwanawe, anamkuta mzazi mwenzake amekuja kwa kazi hiyohiyo, na akidi inaanza kupatikana namna hiyo.

Ajenda zinajulikana: kufungua kikao, muhtasari uliopita, yatokanayo, mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Hizo za mwanzo huisha kabla mama wa vitumbua hajamaliza kugawa maji. Kikao chenyewe ni mengineyo. Humo ndimo wanamoingia mbwa wa geti jekundu, muziki wa baa, maji ya kufulia yanayomwagwa njiani, na mparachichi ambao shina lake liko kwa huyu na matunda yanaangukia kwa yule. Tuna mzee mmoja mstaafu ambaye hulala tangu sala ya kufungulia. Ukitamka tu “mengineyo”, anaamka mwenyewe na mkono tayari uko juu.

Mengineyo makubwa kuliko yote yalikuwa ya mama. Katiba yetu ilisema mwanachama akifiwa na baba, mama, mwenza au mtoto, atapewa rambirambi. Maneno mepesi kabisa. Basi kijana mmoja wa nyumba za juu akaja kuripoti msiba wa mama. Mweka hazina wetu, mzee wa Kizaramo mwenye miwani ambayo mguu wake mmoja umefungwa uzi, akafungua kauntabuku lake, akalamba kidole, akarudi nyuma kurasa kadhaa.

“Mwanangu, pole sana. Lakini mama yako tulimzika mwaka juzi Bagamoyo. Mimi nilikuwa kwenye gari.”

“Yule alikuwa mama mdogo, mzee.”

“Ahaa. Kwa hiyo huyu ndiye mama mzazi.”

“Huyu ni mama mkubwa. Mama mzazi yupo, hajambo, anawasalimu.”

Tukanyamaza. Mtu mmoja akapendekeza tuandike “mama mzazi” tukapumzike. Hapo dada anayeuza mkaa akasimama, akasema yeye mama mzazi hamjui hata kwa picha, kalelewa na mama mkubwa tangu yuko mgongoni, sasa siku mama huyo akifariki umoja utamwambia amefiwa na jirani? Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu jibu halipo. Sote pale tulikuwa na mama zaidi ya mmoja, na kila mmoja alishaanza kuwahesabu kimoyomoyo. Mwingine akauliza habari ya mama wa kambo. Mwingine, baba mdogo je? Jua likazama tukiwa bado tunazika watu wazima ambao wengi wao walikuwa hai na wanapika chakula cha jioni. Mwishowe mwenyekiti akatoa uamuzi, nami nikauandika kama ulivyo: kila mwanachama ana haki ya mama wawili. Akagonga muhuri. Kifungu hicho kipo hadi leo.

Usafi ni habari nyingine. Wengi mnakumbuka Rais Magufuli alivyofuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 akasema siku hiyo watu wafanye usafi, na mwenyewe akaonekana anazoa taka kwa mikono. Ikafuata desturi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwetu desturi hiyo imebaki katika umbo la mfereji mmoja, ule wa kushukia bondeni, ambao kabla ya masika lazima uzibuliwe, la sivyo maji yanaingia kwenye vyumba vya watu. Kazi ya mfereji inataka makoleo na majembe. Majirani huja na mifagio ya chelewa. Koleo lipo moja, na aliyelishika huzungukwa na wasimamizi. “Inama kidogo. Anzia kule. Hapana, hilo jiwe liache kwanza.” Nimeshuhudia watu wazima wanane wakimsaidia kijana mmoja kuchimba kwa ushauri tu, na jioni wote wakalalamika mgongo.

Pamoja na hayo, mwaka jana tope lilitoka lote. Mfereji ukang’aa hata mwenyekiti akapigwa picha ndani yake. Tope tukalirundika ukingoni, lisubiri toroli. Toroli la kuazima lilikuwa la fundi mmoja aliyekuwa amesafiri kwenda Mkuranga, akiwa amelifungia stoo na kuondoka na ufunguo. Usiku mvua ikashuka, ikalichukua tope lote kutoka ukingoni na kulirudisha mlemle lilimotoka, likalala vizuri kuliko mwanzo. Asubuhi mama wa vitumbua akasimama kwenye daraja la mbao, akatazama chini kwa muda, akasema mvua ndiyo mwanachama pekee aliyefanya kazi bila kuletewa soda.

Ulinzi shirikishi nao una zamu. Sungusungu wa Usukuma na Unyamwezi walipoanza miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng’ombe, walibeba pinde na mishale. Sisi tuna filimbi moja, tochi mbili za Kichina na kandambili. Hata hivyo kuna usiku mmoja nauheshimu. Saa nane zamu ilikutana na kijana anasukuma mkokoteni wenye kitanda, friji na ndoo zimejaa vyombo.

“Shikamooni wazee.”

“Marahaba. Friji linakwenda wapi saa hizi?”

Kijana hakudanganya. Kodi ya miezi mitatu ilikuwa imemshinda, mke ana mimba, chumba cha bei nafuu kimepatikana Mbezi, na mwenye nyumba analala usingizi mzito kuanzia saa saba. Wazee wa zamu wakajitenga pembeni kujadili. Utaratibu unataka aitwe mwenyekiti. Lakini kile kilima cha kutokea barabara ya Morogoro kila mtu wa Kimara anakijua, na mkokoteni ulikuwa umeelemewa. Wakausukuma. Mmoja akajitwika godoro. Mwingine, ambaye kwenye mfereji hajawahi kugusa koleo, akarudi mwenyewe kufungua dishi la king’amuzi juu ya bati, bila ngazi na bila kelele.

Asubuhi mwenye nyumba, mwanachama wetu hai na mlipaji mzuri wa ada, akaja kulalamika kwamba zamu ilikuwa wapi. Ikabidi iandikwe taarifa. Niliandika: “Zamu ya usiku haikuona mwizi.” Kila neno ni la kweli.

Majirani zangu ndivyo walivyo. Waite kwa barua, watakutumia mtoto. Wakukute umeelemewa njiani, watakubebea hadi godoro. Katiba yetu iliandikwa na watu wanaoamini barua, ndiyo maana haifanyi kazi.

Ada kwa mfano. Tulihamia kwenye kundi la WhatsApp ili mambo yaende kisasa. Anayechanga ananakili orodha, anaongeza jina lake na alama ya tiki, anaibandika upya. Vizuri. Ila watu wawili wakinakili kwa wakati mmoja, orodha zinakuwa mbili. Anayefuata anaongeza kwenye ile ambayo jina lako halimo, na dakika kumi baadaye wewe uliyelipa wa kwanza unaonekana mdaiwa sugu mbele ya mtaa mzima. Katikati ya ugomvi huo mtu anarusha dawa ya kitunguu saumu na asali, mwingine anaandika “Amina”. Mweka hazina hakujihusisha. Yeye alikuwa na kauntabuku na miguu yake. Alipita nyumba kwa nyumba akiburuta mguu wa kushoto, na salamu yake ilikuwa moja kwa wote, tajiri na maskini: “Habari za familia? Habari za kazi? Habari za ada?” Watu walijifunza kuutambua mburuto wa mguu wake wakiwa bado ndani. Taa zilizimwa.

Alifariki mwezi wa Ramadhani, alfajiri. Sikuandika barua. Kabla jua halijachomoza vizuri maturubai mawili yalikuwa yamesimama, vijana wa kanisani ndio waliofunga kamba, na kina mama walikuwa wameshapanga mafiga matatu kwa sufuria kubwa ya umoja, futari isije ikachelewa. Viti vya plastiki vikatoka stoo. Navyo vina maajabu yake: huwa tunaazimisha mia moja vinarudi mia na tatu, na vile vitatu vina rangi ya umoja wa mtaa wa pili, ambao nao bila shaka wanavyo vyetu. Koleo la mfereji likaenda makaburini. Lilishikwa kwa zamu, na kwa mara ya kwanza nilisikia mtu anamwambia mwenzake, “Lete, wewe pumzika.”

Siku ya tatu, baada ya hitima, akaingia mtani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pwani, na tunaye Mnyamwezi mmoja fundi seremala kule bondeni. Akaja amevaa kanzu ya marehemu, miwani yenye uzi puani, kauntabuku kwapani, anaburuta mguu wa kushoto. Watu waliusikia kabla ya kumwona. Naapa kuna waliotaka kuinuka.

Akaanza kiti cha kwanza. “Habari za familia? Habari za kazi? Habari za ada?” Sauti ile ile, na kidole kikalambwa vilevile. Mjane alicheka hadi akajifunika uso kwa khanga, na chini ya khanga sijui kama kilikuwa kicheko tena. Mtu wa kwanza akatoa elfu tano akidhani ni ya mtani, kama desturi. Seremala akaiandika kwenye kauntabuku, mbele ya jina. Ikawa imekuwa. Kiti hadi kiti, watu wakalipa madeni ambayo kikao, orodha na muhuri vilikuwa vimeshindwa. Alipofika kwa mwenyekiti, aliyekuwa anadaiwa tangu mwaka juzi, maturubai mazima yakakaa kimya. Mwenyekiti akatoa noti, akahesabu, akajaribu kujitetea kwa kudai risiti.

“Risiti,” mtani akamwambia, “utaikuta huku niliko.”

Fedha ilihesabiwa mbele ya mjane. Ilitosha rambirambi yote, na iliyobaki tumenunulia toroli la umoja, ambalo halisafiri kwenda Mkuranga. Nafasi ya mweka hazina iko wazi. Kikao cha kuijaza ni Jumapili ijayo, barua inasema saa tisa alasiri. Mwenye deni aje na fedha taslimu, kwa sababu seremala ameniambia kauntabuku bado analo, na kanzu hajairudisha.